Birbal Sahni: Mwanazuoni aliyesoma historia ya mimea ndani ya mawe

MTU akishika kipande cha makaa ya mawe mkononi, huwa ameshika mabaki ya msitu. Miti iliyoota kwenye vinamasi mamilioni ya miaka iliyopita ilianguka, ikafunikwa na matope, ikakandamizwa na uzito wa tabaka baada ya tabaka la ardhi, hatimaye ikawa mwamba mweusi unaowaka. Wachimbaji wengi huupeleka mwamba huo tanuruni bila kuuliza maswali. Wachache huupasua kwa uangalifu, wakatafuta alama ya jani, punje ya chavua au kipande cha gome, kisha wakajiuliza mti huo ulisimama vipi, ulikunywa maji kwa njia gani na ulizaaje.

Miongoni mwa wachache hao, jina la Profesa Birbal Sahni wa India lingali linatajwa kwa heshima kila wanapokutana wataalamu wa visukuku vya mimea. Alifariki mwaka wa 1949 akiwa na umri wa miaka 57, juma moja tu baada ya kushuhudia jiwe la msingi la taasisi aliyoiota maisha yake yote likiwekwa. Kisa chake kina ushindi, kina makosa, na kina funzo kuhusu namna elimu inavyoweza kujengewa nyumba katika nchi ambayo hapo awali ilikuwa ikituma tu malighafi yake ng'ambo ili ichunguzwe na wengine.

Kuzaliwa na malezi

Sahni alizaliwa Novemba 14, 1891, katika mji mdogo wa Bhera, eneo la Punjab, ambao leo uko nchini Pakistan. Hapo ni karibu na mto Jhelum, na ng'ambo ya mto huo husimama safu ya vilima vyenye chumvi ya mawe ambayo imechimbwa kwa karne nyingi, hasa katika machimbo maarufu ya Khewra. Vilima hivyo, alivyovifahamu tangu utotoni, vingekuja kumsumbua akili ukubwani.

Baba yake, Ruchi Ram Sahni, alikuwa mwalimu wa kemia mjini Lahore, mtu aliyependa sayansi na mageuzi ya jamii kwa kiasi kimoja. Alipokuwa amekwisha kuwa mtu mzima mwenye watoto wakubwa, mzee huyo alisafiri hadi Uingereza mwaka wa 1914 kufanya utafiti wa miali ya nururishi katika maabara ya Ernest Rutherford mjini Manchester. Mtoto aliyelelewa katika nyumba kama hiyo hakuhitaji kuhimizwa kusoma. Aidha, baba aliwapeleka wanawe kwa miguu katika milima ya Himalaya, na huko Birbal akajifunza kuokota mimea, mawe na wadudu, tabia ambayo haikumtoka.

Alisomea Government College mjini Lahore, ambako alifundishwa botania na Shiv Ram Kashyap, bingwa wa mimea midogo ya milimani. Mwaka wa 1911 alihitimu shahada yake ya kwanza, akapanda meli kwenda Uingereza na kujiunga na chuo cha Emmanuel katika Chuo Kikuu cha Cambridge.

Funzo la chavua ya kigeni

Mjini Cambridge kijana huyo aliangukia mikononi mwa Albert Charles Seward, ambaye enzi hizo alikuwa miongoni mwa wakuu wa elimu ya visukuku vya mimea duniani. Kwa Seward, Sahni alijifunza kwamba kisukuku si pambo la kuwekwa kabatini. Ni ushahidi, na kama ushahidi wowote, sharti uhojiwe.

Mojawapo ya maandiko yake ya mwanzo kabisa, lililochapishwa mwaka wa 1915, lilihusu mti wa Ginkgo, ambao ni masalia hai ya ukoo wa kale mno. Alipochunguza viini vya mbegu za mti huo kwa hadubini, alikuta ndani yake chavua ya mimea mingine kabisa iliyopeperushwa na upepo. Jambo lilionekana dogo, lakini Sahni aliona uzito wake. Wataalamu wa visukuku walikuwa na mazoea ya kuamini kwamba chavua ikikutwa ndani ya mbegu ya kale, basi chavua na mbegu ni za mmea mmoja. Kijana huyu akaonya kwamba kukutana si kuhusiana. Kilichomo ndani ya kitu huenda kiliingia tu, na mgeni asidhaniwe kuwa mwenyeji.

Msomaji aliweke akilini onyo hilo, kwani litarejea.

Mwaka wa 1919 alitunukiwa shahada ya udaktari wa sayansi na Chuo Kikuu cha London. Mwaka uliofuata, yeye na Seward walichapisha uchunguzi mpya wa visukuku vya mimea ya Gondwana vilivyokusanywa India, vingi kati yavyo vikiwa vimeelezwa kwanza na wataalamu wa Ulaya katika karne ya 19. Baada ya hapo angeweza kubaki Uingereza. Alirudi nyumbani. Alimwoa Savitri Suri mwaka wa 1920, akafundisha kwa muda mfupi mjini Banaras na Lahore, na mwaka wa 1921 akateuliwa kuwa profesa wa kwanza wa botania katika Chuo Kikuu kipya cha Lucknow. Kiti hicho alikikalia hadi kufa. Wakati huo vuguvugu la uhuru lilikuwa limepamba moto, naye akachukua desturi ya kuvaa khadi, kitambaa kilichosokotwa kwa mkono, kama walivyofanya wazalendo wengi.

Kuunganisha viungo vilivyotawanyika

Ili kuelewa kazi kubwa ya Sahni, ni lazima kuelewa tatizo linalomkabili kila mtafiti wa visukuku vya mimea. Mnyama akifa matopeni, mara nyingi mifupa yake hubaki pamoja. Mmea hausubiri kufa ndipo usambaratike. Majani hupukutika kila msimu, chavua hupeperuka, mbegu huchukuliwa na maji, na shina huanguka mahali pengine. Kwa hivyo jani moja hupewa jina lake, mbegu jina lake, na shina jina lake, hata kama vyote vilitoka kwa mti mmoja. Kazi ya mtaalamu ni kama ya hakimu wa urithi: kuamua nani ni ndugu wa nani kwa ushahidi uliosalia.

Sahni aliukuta uwanja wake mkuu katika vilima vya Rajmahal, mashariki mwa India. Huko, mimea ya kale ilizikwa kati ya tabaka za lava, na maji yenye madini ya silika yakapenya ndani ya kila chembe ya uhai na kuigeuza jiwe bila kuharibu umbo lake. Wakati wa Sahni, mawe hayo yalihesabiwa kuwa ya zama za Jurasiki. Vipimo vya baadaye vimeonyesha kwamba ni ya mwanzo wa zama za Kretashia, yapata miaka milioni 115 hadi 120 iliyopita.

Mbinu ilikuwa ya subira. Jiwe hukatwa vipande vyembamba, kila kipande hubandikwa kwenye kioo, kisha husuguliwa kwa unga mkali hadi mwanga unapopenya. Hapo ndipo hadubini huonyesha mirija iliyopitisha maji, pete za ukuaji na kuta za chembe, kana kwamba mti umekatwa jana.

Mwaka wa 1932 alieleza mmea alioupa jina Williamsonia sewardiana kwa heshima ya mwalimu wake. Aliunganisha shina, majani na viungo vya uzazi, akachora umbo lake zima. Kwa nje ulifanana na mtapo, ule mmea wenye shina nene na taji la majani magumu unaojulikana na wenyeji wa pwani yetu. Lakini viungo vyake vya uzazi vilipangika kwa namna inayokumbusha ua. Mchoro huo umenakiliwa katika vitabu vya botania vya nchi nyingi.

Mwaka huohuo alieleza mti mwingine uliogeuka jiwe, akauita Homoxylon. Mbao zake hazikuwa na mirija mipana ya maji iliyo kawaida katika miti mingi itoayo maua, hivyo akaulinganisha na jamaa za kale za magnolia ambazo nazo hazina mirija hiyo. Suala hilo lilikuwa zito. Asili ya mimea itoayo maua ilikuwa imewatatiza wanasayansi tangu siku za Charles Darwin, na mti kama huo ungeweza kuwa daraja. Watafiti waliomfuata waliona kwamba mbao hizo huenda zilitoka katika kundi la akina Williamsonia wenyewe. Waliubadilisha jina, wakauita Sahnioxylon. Ndivyo sayansi inavyomheshimu mtu hata inapomsahihisha.

Mmea wa mashina matano

Ufanisi wake mkubwa zaidi ulikuja mwishoni mwa maisha. Katika kijiji cha Nipania, humohumo Rajmahal, palipatikana mawe yaliyojaa vipande vya mmea wa ajabu. Shina lake, lililopewa jina Pentoxylon mwaka wa 1945, halikuwa na nguzo moja ya mbao katikati kama msonobari au mwarobaini. Lilikuwa na nguzo kadhaa, kwa kawaida tano, zilizopangwa kwa duara, kila moja ikikua kivyake, na kwa upana zaidi kuelekea ndani. Majani yalibebwa kwenye vitawi vifupi. Mbegu zilishonana kwenye kichwa kimoja mithili ya tunda la mforsadi.

Viungo hivi vilikuwa na majina tofauti. Mwaka wa 1948 Sahni alitoa hoja kwamba vyote ni vya mmea mmoja, na kwamba mmea huo hauingii katika ukoo wowote uliojulikana. Mbao zake zilielekea kwa misonobari, majani yake yakaelekea kwa mitapo na jamaa zake, na mpangilio wa mbegu ukawa wa peke yake. Akaunda kundi jipya, Pentoxyleae. Baada ya kifo chake, kiungo cha kiume cha mmea huo kilitambuliwa na kupewa jina Sahnia. Visukuku vya jamaa zake vimepatikana pia Australia na New Zealand.

Maana ya ugunduzi huo ni kwamba mageuko ya mimea hayakufuata ngazi moja iliyonyooka. Maumbile yalijaribu njia nyingi za kusimamisha shina, kupitisha maji na kulinda mbegu. Njia nyingine zilikufa bila kuacha mrithi, na lau si mawe, tusingejua kwamba ziliwahi kuwako.

Mabara yaliyotengana

Kazi ya Sahni inatugusa sisi wa Afrika Mashariki pia. Zama za kale India, Afrika, Madagaska, Australia, Amerika ya Kusini na Antaktika zilikuwa bara moja kubwa linaloitwa Gondwana, jina lililotokana na eneo la India ya kati. Alama kuu ya bara hilo ni Glossopteris, mmea wenye majani yenye umbo la ulimi uliostawi zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Makaa ya mawe ya India yalitokana na misitu ya mmea huo. Majani yake yamepatikana pia katika mabonde ya makaa ya mawe ya kusini mwa Tanzania, likiwemo la Ruhuhu. Nayo mawe ya mchanga ya Duruma, yanayoonekana nyuma ya pwani ya Kenya, mwanzo wake ni katika enzi hiyohiyo.

Alfred Wegener wa Ujerumani alitoa nadharia yake ya kuhama kwa mabara mwaka wa 1912, na wanajiolojia wengi waliikejeli. Sahni aliipima kwa ushahidi wa mimea. Alibaini kwamba mimea ya Gondwana iliyopatikana India na mimea tofauti kabisa ya China na Sumatra ya wakati uleule leo zimekaribiana kijiografia, ilhali hazikuchanganyika. Kwake, ilielekea kwamba nchi hizo zilikuwa mbali na baadaye zikasogezwa pamoja. Wanajiolojia wengi walikuja kukubali kuhama kwa mabara katika miaka ya 1960 tu, wakati Sahni alikuwa kaburini.

Kosa la vilima vya chumvi

Haifai kumsimulia mtu mkubwa kwa ushindi wake peke yake. Turudi kwenye vilima vya chumvi vilivyo karibu na Bhera.

Chumvi hiyo imelala chini ya mawe ya zama za Kambria, yenye zaidi ya miaka milioni 500. Wengine walisema chumvi ni ya kale kuliko mawe yaliyo juu yake. Wengine walidai ni changa, na kwamba mawe ya kale yalisukumwa juu yake na nguvu za ardhi. Katika miaka ya 1940 Sahni aliyeyusha sampuli za chumvi na kuchunguza mabaki kwa hadubini. Alikuta vipande vidogo mno vya mbao na mimea ya juu. Katika zama za Kambria hapakuwa na mti hata mmoja duniani. Akahitimisha kwamba chumvi ni ya zama za Eosini, yaani yenye umri wa makumi ya mamilioni ya miaka tu. Mjadala ukawa mkali, na mikutano maalumu ikaitishwa.

Leo wanajiolojia wanakubaliana kwamba Sahni alikosea. Chumvi ni ya kale kweli, ya kuelekea mwanzo wa Kambria. Maelezo yanayokubalika ni kwamba vipande vile vya mimea viliingia baadaye. Yule aliyewaonya wenzake mwaka wa 1915 wasimdhanie mgeni kuwa mwenyeji, alinaswa na mgeni yuleyule miaka 30 baadaye. Hata hivyo, alitoa hoja yake hadharani, akaeleza mbinu zake na kuwaachia wengine nafasi ya kuzijaribu. Kwa sababu hiyo kosa lake liliweza kusahihishwa.

Katika mjadala kama huo kuhusu lava za Deccan, alitumia visukuku vya miti ya jamii ya mnazi na kangaga dogo la majini kudai kwamba lava hizo ni changa kuliko ilivyoaminiwa. Wapinzani wake waliziweka katika zama za Kretashia, yeye akaziweka katika Eosini. Vipimo vya kisasa vinaonyesha kwamba nyingi zilimwagika yapata miaka milioni 66 iliyopita, mpakani mwa Kretashia na zama zilizofuata. Hakuna upande ulioshinda kabisa.

Nyumba ya elimu

Heshima zilimjia. Cambridge ilimpa shahada ya juu ya sayansi mwaka wa 1929. Mwaka wa 1936 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London, na mwaka wa 1940 akaongoza Kongamano la Sayansi la India. Hata alipotoka nje ya fani yake hakukaa bure. Mwaka wa 1936, huko Rohtak, aliokota vipande vya udongo ambavyo alitambua kuwa kalibu za kufulia sarafu za kale, na mwaka wa 1945 akachapisha uchunguzi juu ya namna sarafu zilivyotengenezwa India ya zamani.

Lakini alichotamani zaidi ni kituo ambamo visukuku vya India vingechunguzwa nchini India, na Wahindi pamoja na wageni. Mwaka wa 1946 yeye na wenzake waliunda jumuiya ya fani hiyo, na taasisi ikaanza kazi katika vyumba vya idara yake. Yeye na mkewe walitoa mali yao, maktaba yao na mkusanyo wao wa visukuku kuwa mtaji wa kwanza.

Mwaka uliofuata India ilipata uhuru na kugawanywa. Bhera alikozaliwa na Lahore alikosomea vikawa nchi nyingine. Katikati ya msukosuko huo profesa aliendelea kutafuta fedha na kiwanja.

Aprili 3, 1949, Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru alifika Lucknow kuweka jiwe la msingi. Wawili hao walizaliwa tarehe moja, Novemba 14, wakipishana miaka miwili, na wote walisoma sayansi mjini Cambridge. Jiwe lenyewe Sahni alikuwa ameliunda kwa kupachika ndani ya saruji visukuku vya zama mbalimbali kutoka pembe nyingi za dunia.

Usiku wa kuamkia Aprili 10 moyo wake ulisimama. Inasimuliwa kwamba agizo lake la mwisho kwa mkewe lilikuwa aitunze taasisi. Mwaka uliofuata alitarajiwa mjini Stockholm kama rais wa heshima wa kongamano la kimataifa la wanabotania.

Savitri hakuwa mwanasayansi. Wengi wangedhani taasisi ambayo ilikuwa na jiwe la msingi tu ingekufa pamoja na mwanzilishi wake. Mjane huyo aliuchukua uongozi, akafuatilia fedha za serikali na misaada, na jengo likakamilika. Nehru alirejea Januari 1953 kulifungua rasmi. Hadi leo taasisi hiyo, yenye jina la Birbal Sahni, inaendelea na utafiti mjini Lucknow, na yeye mwenyewe amepumzishwa uani mwake.

Nadharia kadhaa za Profesa Sahni zimepitwa na wakati, na majina aliyoyatoa mengine yamebadilishwa. Waliozibadilisha wengi wao walikuwa Wahindi, wakifanya kazi katika jengo alilolianzisha, kwa mawe aliyoyaacha kabatini. Mataifa yenye makaa ya mawe, visukuku na vijana wenye akili ni mengi, hapa kwetu pia. Yaliyojenga nyumba ya kuvisomea ni machache.